Je, mashine moja yaweza kuchuja hewa ya nyumba nzima ya mawe Lamu?

«Assalaam alaykum. Naishi Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili tuliyorithi kwa wazee wa mume wangu. Binti yangu ana miaka saba na ana pumu. Usiku hukohoa na kifua humlia. Vumbi haliishi: asubuhi nafuta zidaka (vishubaka vya ukutani), jioni zimejaa tena unga mweupe. Mavyaa hufukiza udi na ubani, jirani hupikia makaa, nasi huwasha dawa ya mbu ya kuzungusha. Amekuja muuzaji kutoka Mombasa na mtambo wa kuchuja hewa ya nyumba nzima. Anasema utakaa juu na mabomba yatapita kila chumba. Aliweka kipimo chake chumbani, akachoma udi, namba ikapanda mpaka nyekundu. Akafunga mlango, akawasha mashine ndogo ya mfano, na baada ya robo saa ikawa kijani. Anataka shilingi laki sita na nusu, nusu yake itangulie. Kaka yangu anajenga Malindi, naye ameambiwa aweke mtambo huo huo. Tununue? Na kama si huo, ni upi, na utafungwa vipi?»

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna mambo matatu ambayo muuzaji ameyafunga katika furushi moja: kifua cha mtoto, unga mweupe wa zidakani, na mtambo wenyewe. Yafaa tuyafungue, kwa sababu hayana dawa moja. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba nyumba yenu ya Mkomani isifungwe mtambo wa nyumba nzima, na kwamba fedha zilizo kidogo sana kuliko hizo, zikitumika katika chumba kimoja na katika kuta zenu, zitamfaa binti yako zaidi. Kwa kaka yako jibu linategemea paa lake, nami nitalifikia.

Nianze na lile onyesho la udi, maana naona ndilo lililokugusa. Sitasema muuzaji alikudanganya. Kipimo chake kilisoma moshi wa kweli na mashine yake iliuondoa kweli. Lakini kumbuka alichofanya kabla ya kubonyeza swichi: alifunga mlango. Alichothibitisha ni kwamba mashine ndogo, ndani ya chumba kilichofungwa, hupunguza moshi ambao chanzo chake kimekwisha kuzimwa, na hilo hakuna mtaalamu anayelibisha. Angeuacha wazi mlango wa kuelekea kiwandani, yaani kwenye ule ua wa ndani ya nyumba, na chetezo kikaendelea kufuka, namba ingekaa pale pale ilipo, na mazungumzo yenu yangekuwa mengine. Ameonyesha mashine ya chumba, akauza mtambo wa nyumba.

Mitambo ya nyumba nzima ilitokana na nyumba za nchi kama Marekani na Kanada, ambako madirisha hufungwa kwa sehemu kubwa ya mwaka na hewa yote ya ndani huvutwa na feni moja kubwa kupitia mdomo mmoja, ikapashwa moto au ikapozwa, kisha ikarudishwa vyumbani kwa mabomba. Katika nyumba ya namna hiyo mahali pa kichujio pako tayari, kwa sababu hewa yote hulazimika kupita mdomoni hapo mara kadhaa kila saa. Kichujio hakivuti hewa, hungoja kuletewa. Hewa isiyopita ndani yake haichujwi, hata kama kichujio hicho ni bora kuliko vyote duniani.

Nyumba ya Lamu ilijengwa kwa fikra nyingine kabisa. Wazee walikiacha kiwanda wazi juu ili hewa ya moto ipande itoke, na kaskazi au kusi upate kushuka na kuzunguka katika misana, zile kumbi ndefu za ndani. Sasa tufanye hesabu kidogo. Mlango wenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2 una uwazi wa mita za mraba 1.6. Upepo mwepesi wa nusu mita kwa sekunde, ambao huenda usiutambue hata usoni, ukipita hapo huingiza mita za ujazo 0.8 kila sekunde, yaani 2,880 kwa saa. Mtambo wa nyumbani wa ukubwa wa kawaida huchuja kama mita za ujazo 1,000 hadi 2,000 kwa saa, kwa nyumba nzima. Huo ni mlango mmoja, na hatujahesabu madirisha wala kiwanda chenyewe. Ni sawa na kufua maji kwa upo katika chombo kilichotoboka ubavuni: upo hauna kasoro na mkono haujalegea, ila bahari haina haraka ya kwisha.

Pana na gharama isiyoonekana katika karatasi ya bei. Mabomba hayo yatapita wapi? Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu. Kila tundu la bomba ni jiwe lililolegezwa au boriti iliyokatwa. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya majengo yake huangaliwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hivyo ofisi yao ya mjini yapasa kuulizwa kabla drili haijagusa ukuta. Na iwapo mtambo utaunganishwa na kiyoyozi, mabomba yasiyofunikwa vizuri yatatoa jasho katika unyevu wa pwani, na jasho hilo litadondokea boriti na plasta. Nimewahi kuitwa kuangalia nyumba moja ya wageni ambako ukungu mweusi ulifuata njia ya bomba kutoka chumba hadi chumba, kana kwamba mtu ameuchora kwa makaa.

Ni vyema sasa ujue kichujio hufanya kazi vipi, kwa kuwa hapo ndipo ahadi nyingi za wauzaji hupotokea. Wengi hudhani kichujio ni kama kifumbu cha kuchujia tui: kilicho kikubwa hubaki, kilicho kidogo hupita. Sivyo. Ndani ya kichujio mna msitu wa nyuzi nyembamba zenye nafasi kubwa kuliko chembe nyingi zinazonaswa. Chembe nzito huja kwa kasi, hushindwa kukata kona pamoja na hewa, na huugonga uzi. Za kati hupita karibu mno na uzi, zikaugusa na kushikwa. Zile ndogo kabisa husukumwa huku na huku na hewa yenyewe, zikatangatanga hadi zikajikuta zimeuangukia uzi. Chembe ngumu kuliko zote kukamata ni zile za mikroni kama 0.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo ni ndogo mno kwa njia ya kwanza na kubwa mno kwa njia ya mwisho. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una unene wa mikroni kama 70. Ndiyo sababu kichujio cha HEPA, ambacho asili yake ni mradi wa Marekani wa bomu la atomiki katika miaka ya 1940, hupimwa kwa chembe za mikroni 0.3, na kwa kipimo cha Kimarekani hutakiwa kukamata asilimia 99.97 ya chembe hizo. Zilizo ndogo zaidi ya hapo hazikitoroki. Huzikamata kwa wepesi zaidi.

Kwa hiyo moshi wa udi, wa ubani, wa makaa na wa dawa ya mbu, kwa upande wa chembe zake, hunaswa. Upande wa gesi ni habari nyingine. Kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na hupenya HEPA kama vile hakuna kitu njiani. Kaboni amilifu, ule mkaa maalumu unaowekwa katika baadhi ya mashine, hupunguza harufu na baadhi ya mvuke, lakini kaboni monoksidi haiishiki. Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa nimesikia watu wakisema sasa wana mashine, basi jiko la makaa laweza kuingia ndani siku ya mvua. Lisiingie. Katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua watu usingizini, na taa ya kijani ya mashine itakuwa ikiwaka vile vile.

Na ule unga wa zidakani? Huo, dada yangu, mtambo wa laki sita hautaukuta. Chembe ya mikroni 10 hushuka mita 3 kwa kama robo saa katika hewa iliyotulia, na chembe za plasta zilizo kubwa zaidi huanguka kwa sekunde chache. Chembe ya mikroni 1, kinyume chake, yaweza kuelea siku nzima. Unga unaouona kwa macho umeshatua kabla ya feni yoyote kuuvuta. Tena huo unga si wa barabarani wala haukuja na upepo: kwa maelezo yako ni plasta yenu yenyewe inayomomonyoka. Unyevu hupanda ukutani kutoka ardhini na kubeba chumvi; maji yakikauka usoni mwa ukuta chumvi hujenga fuwele, na fuwele zikikua huisukuma plasta hadi ikageuka unga. Angalia kama kuna sehemu, hasa mita moja ya chini, ambako mtu alitengeneza kwa simiti na rangi ya plastiki. Simiti haipumui kama chokaa. Huufungia unyevu nyuma yake, nao hutafuta pa kutokea juu au pembeni, na huko ndiko plasta nzuri ya zamani huanza kuharibika. Tiba yake ni fundi wa chokaa anayejua kazi hiyo, aiondoe simiti, aache ukuta ukauke kwa miezi ya kaskazi, kisha apake chokaa. Ni kazi ya polepole na yenye vumbi jingi, kwa hiyo mtoto asiwepo nyumbani wakati wa kubandua.

Unyevu huo huo una uhusiano na kifua kuliko huo unga. Ukungu hurusha mbegu zake hewani, na ndani ya magodoro na mito huishi utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo kinyesi chao ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu. Utitiri hustawi palipo na unyevu, nao unyevu wa Lamu mwajua wenyewe: chumvi hugeuka maji kwenye kikopo. Mashine ya kuchuja haipunguzi unyevu hata tone, na vichochezi vya utitiri vingi viko godoroni anapolalia mtoto, wala havielei hewani kungoja kuchujwa. Mfuko wa godoro uliofumwa kwa ajili ya utitiri na kufungwa kwa zipu, shuka zinazofuliwa kila juma kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na godoro la sufi lililozeeka kubadilishwa, hayo hayang'ai kama mashine, lakini ningeyatanguliza.

Kisha kuna vyanzo vya moshi. Hapa nitazungumza kwa adabu, maana najua nagusa mambo ya nyumba ya watu. Dawa ya mbu ya kuzungusha ndiyo ningeiondoa leo jioni, kabla ya kununua chochote. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta kwamba kipande kimoja cha dawa hiyo kikiungua chote hutoa chembe ndogo za moshi, zile za mikroni 2.5 kushuka chini, kwa uzito unaolingana na sigara 75 hadi 137. Nanyi mwaiwasha usiku, milango imefungwa, karibu na kitanda cha mwenye pumu. Chandarua kilichotiwa dawa hufanya kazi ile ile bila moshi. Mkifunga wavu wa mbu madirishani, itakuwa bora zaidi.

Udi na ubani sikuambii uvitoe katika nyumba. Sioni haja ya kumwambia mavyaa kwamba ubani wake wa usiku wa Ijumaa umekatazwa na mhandisi. Mwombe tu achome kiwandani au darini, au nguo zifukizwe asubuhi mtoto akiwa shule na madirisha yakiwa wazi, ili ifikapo jioni ibaki harufu na moshi uwe umeondoka. Moshi wa udi, kwa mapafu, ni moshi kama mwingine. Harufu nzuri haiupunguzii chembe. Kuhusu makaa ya jirani huna amri, ila wajua saa zake: funga dirisha la upande ule wakati wa mapishi, fungua akimaliza. Wazee wenyewe walilijua jambo hili, na ndiyo maana katika nyumba nyingi za kale kidari cha meko kiliwekwa juu kabisa, moshi upande bila kupita kwa watu. Jiko lenu kama limeshushwa chini kwa ajili ya urahisi, lirudisheni juu au tumieni gesi.

Baada ya hayo, mashine. Chagua chumba kimoja, chumba anacholala binti yako, kwa sababu hapo hukaa saa nane au tisa mfululizo, na ndipo kikohozi chake kinapotokea. Chumba chenye milango miwili inayofungika ni bora kuliko msana usio na mlango. Tuseme chumba kina urefu wa mita 6, upana wa mita 2.7 kama zilivyo nyumba za boriti, na kimo cha mita 3.6. Ujazo wake ni mita za ujazo 58 na kitu. Kwa mwenye pumu nalenga hewa ya chumba ipite kichujioni kama mara tano kwa saa, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 290 kwa saa za hewa iliyosafishwa. Namba hiyo kwenye boksi huandikwa kwa herufi CADR. Ikiwa imeandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7. Usitegemee maandishi ya «inatosha chumba cha mita za mraba kadhaa», kwa kuwa aghalabu yanachukulia dari ya mita 2.4, na chumba chako kina hewa mara moja na nusu ya hiyo.

Namba ya boksini hupimwa feni ikiwa katika kasi ya juu kabisa, ambapo kelele haivumiliki usiku. Mtu huipunguza, na kazi hupungua nayo. Hivyo nunua yenye CADR ya mita za ujazo 400 kwa saa au zaidi, uiendeshe kwa kasi ya kati. Iweke mbali na ukuta kiasi cha mkono, isijifiche nyuma ya pazia, na pumzi yake safi ielekee kitandani bila kumpiga mtoto usoni. Chandarua hakiizuii. Mashine ya wati 50 ikiwashwa saa 10 kila usiku hutumia uniti 15 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya tokeni yako ya mwisho ujue. Kabla ya kulipa uliza bei ya kichujio cha kubadilisha na kinapatikana wapi, kwa sababu mashine nyingi nilizozikuta zimegeuka meza ya kuwekea vikombe zilikufa kwa kukosa kichujio, mota yake ikiwa nzima. Penye moshi na chumvi kama kwenu, tegemea miezi sita hadi kumi na miwili. Kichujio cha HEPA kisioshwe kwa maji, isipokuwa mtengenezaji amesema waziwazi. Ukikiosha unaziharibu nyuzi, nacho kitaonekana kipya huku kikipitisha kila kitu.

Kataa mashine yoyote inayojisifia ioni au ozoni. Ozoni huwasha mapafu na ni adui wa mwenye pumu. Jimbo la California huko Marekani limeweka sheria ya kuzuia mashine za kusafisha hewa zinazotoa ozoni zaidi ya sehemu 50 katika kila sehemu bilioni za hewa. Ile «harufu ya hewa baada ya mvua» ambayo muuzaji husema ni usafi, mara nyingi ndiyo ozoni yenyewe.

Kama bajeti ni ndogo, kuna kifaa cha kuunda nyumbani kilichobuniwa 2020 na Wamarekani Richard Corsi na Jim Rosenthal: vichujio vinne vya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha Kimarekani cha uwezo wa kichujio kunasa chembe) husimamishwa kama kuta za boksi, chini hufunikwa kwa kadibodi, juu hulazwa feni ya mraba inayotoa hewa kuelekea juu, na kila kiungo huzibwa kwa utepe. Ni kinene, si kizuri kwa macho, lakini kazi yake imepimwa na inashindana na mashine za bei kubwa. Huku kwetu feni ya mraba ni adimu, na vichujio vya daraja hilo huenda ukaviagiza, kwa hiyo hesabu kwanza.

Nikuambie na ubaya wa shauri langu. Chumba kilichofungwa Februari bila kiyoyozi ni tanuri, na mashine ya kuchuja haileti hewa mpya. Huizungusha ile ile. Kiyoyozi cha ukutani nacho hakileti, ingawa wengi huamini huvuta hewa ya nje: huvuta hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha, na wavu wake mwembamba hukamata nyuzi za nguo na vumbi kubwa tu. Faida yake kwako ni kukausha hewa, jambo ambalo utitiri na ukungu hawalipendi, mradi wavu uoshwe kila mwezi na fundi asafishe mapezi ya ndani. Kama hamna uwezo wa kiyoyozi, fungeni chumba kuanzia saa za moshi wa jioni, mashine ifanye kazi, na usiku mkubwa moshi wa mtaa ukishatulia fungueni dirisha la upande wa upepo. Katika mji wenye magari machache mno kama Lamu, upepo wa bahari wenyewe ni msafishaji mzuri, na sioni fahari ya kuuzuia kwa ajili ya kutii mashine. Mkinunua kipimo kidogo cha chembe, kisiwatie hofu: vipimo vya bei nafuu husoma kwa mwanga, na chembe za chumvi zikivimba kwa unyevu wa alfajiri, namba hupanda pasipo moshi wowote.

Sasa kaka yako. Akiezeka makuti na kuacha kuta zikomee chini ya paa, kama nyumba nyingi za Malindi, asahau habari ya mtambo. Anaishi nje chini ya kivuli kizuri. Lakini akijenga nyumba ya zege yenye madirisha yanayofungika kabisa na kiyoyozi cha mabomba kilichopangwa tangu kwenye ramani, basi kichujio cha nyumba nzima ni jambo la maana, na huu ndio wakati wake, kabla ya dari kufungwa. Asiombe HEPA ndani ya mabomba: kichujio hicho kikiwa kipya hukaza hewa kiasi cha paskali 250 (paskali ni kipimo cha mkandamizo), na feni ya kiyoyozi cha nyumbani haiwezi kuusukuma mzigo huo, hewa itapungua, koili ya kupozea yaweza kuganda barafu, na mota yaweza kuungua. MERV 13 inamtosha, kwani hukamata angalau nusu ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1 kila zinapopita, asilimia 85 za mikroni 1 hadi 3, na asilimia 90 za juu ya hapo, na hewa hupita tena na tena.

Fundi atenge nafasi ya kichujio chenye kina cha sentimita 10, asikubali kile chembamba cha sentimita 2.5, kwa kuwa mikunjo mirefu hupitisha hewa kwa wepesi na huchelewa kujaa. Kikae upande wa hewa inayorudi, kabla ya koili, mshale wa kwenye fremu ukielekea kwenye feni. Kando zake zizibwe kwa mpira. Mwanya wa upana wa kidole unatosha kuifanya hewa iupendelee badala ya kichujio, na hii ndiyo kasoro ninayoikuta mara nyingi kuliko zote. Fremu iwe ya plastiki, kwa sababu ya kadibodi hulegea kwa unyevu. Patobolewe vitundu viwili, kabla na baada ya kichujio, vya kupimia mkandamizo: siku ya kwanza namba iandikwe ukutani, na ikifika kama maradufu kichujio kibadilishwe, hata kama kalenda haijafika. Nafasi yenyewe iwe mahali ambapo mtu wa nyumbani anaweza kuifikia bila ngazi. Kichujio kilichofichwa darini hubadilishwa mara moja, na huyo fundi aliyekifunga.

Hayo yote hayachukui nafasi ya daktari. Tafiti za mashine za kuchuja katika vyumba vya watoto wenye pumu zimeonyesha nafuu kwa baadhi yao, nafuu ya kiasi, na kwa watoto waliokuwa wakiendelea na dawa zao. Mtoto anayekohoa usiku mara kwa mara pumu yake haijadhibitiwa, na huenda anahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku ya kuzuia, mbali na ile ya kutuliza. Mpeleke kliniki juma hili, na umwonyeshe mhudumu jinsi anavyoivuta, kwa kuwa bila kile chombo cha kupitishia dawa watoto wengi huishia kuimeza. Na akishindwa kumaliza sentensi kwa kukata pumzi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au dawa ya kutuliza isipomsaidia, usingoje asubuhi wala boti ya bei nafuu: hospitali, saa hiyo hiyo.

Muuzaji akirudi, mwombe akuandikie mambo manne: mtambo unapitisha mita za ujazo ngapi kwa saa ukiwa na kichujio ndani yake, hewa itarudi kwenye mtambo kupitia njia gani, mabomba yatapita tundu lipi la ukuta upi, na vichujio vya mwaka wa pili vitatoka wapi kwa bei gani. La pili ndilo hataweza kulijibu kwa nyumba yenye kiwanda, na nusu ya laki sita na nusu haifai kutoka mkononi mwako kabla hajalijibu.